Shimo la Majaribio Kiwanjani Kwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila sisi wanaakiolojia, watafiti wa mabaki ya kale, tunapoingia kijiji kipya cha pwani na vigingi, uzi na chekeche, maswali tunayopokea ni yale yale. Yanaanzia barazani kwa sheha au ofisini kwa mtendaji, yanaendelea kisimani, na jioni yanarudiwa na watoto waliochutama kulizunguka shimo. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili mwenye kiwanja ayasome kabla hajaulizwa kama anaridhia. Majibu yanahusu hasa mwambao wa Tanzania Bara, Unguja na Pemba. Kenya tumeitaja pale sheria inapohitilafiana.

## Ya kuanzia

1. Shimo la majaribio ni nini?

Ni shimo dogo la mraba, mara nyingi mita 1 kwa mita 1, linalochimbwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, ili kujua kama chini ya kiwanja kuna mabaki ya makazi ya zamani, yako kina gani na ni ya wakati gani. Jina lisikufanye udhani kwamba linachimbwa kwa kubahatisha. Linajibu swali moja: je, hapa waliishi watu? Jibu likiwa ndiyo, wanaakiolojia wanaweza kurudi siku nyingine kuchimba eneo kubwa zaidi. Mara nyingi hawarudi, kwa kuwa mashimo 10 au 20 yaliyotawanywa kijijini yameshasema ya kutosha.

Kuna aina ndogo zaidi, tundu la upana wa nusu mita hivi, linalochimbwa kwa beleshi kila baada ya hatua kadhaa kwenye mstari ulionyooka. Hilo huchimbwa na kufukiwa siku hiyo hiyo, na kazi yake ni kutafuta mpaka wa kijiji cha kale: vigae vinaanzia wapi, vinaishia wapi.

2. Hapa hakuna gofu wala ukuta wa mawe. Kwa nini kiwanja changu?

Hili tunalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kazi hii ipo.

Ukitaja historia ya mwambao, fikra za watu hukimbilia Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole au Gedi: misikiti ya matumbawe, mihrabu, makaburi yenye minara. Lakini waliolala ndani ya nyumba za mawe walikuwa wachache. Waswahili walio wengi, karne baada ya karne, waliishi kwenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa majani, kama zinazosimama leo vijijini kwetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ukiwa kwenye neema yake, alieleza kuwa umejengwa kwa miti. Na nyumba ya udongo ikianguka haigeuki gofu, inarudi kuwa udongo. Masika machache yakipita, mihogo imeota juu yake na hakuna anayejua kwamba pale palikuwa na sebule.

Wale walio wengi hatuwezi kuwaona kwa kutembea na kuangalia kuta. Tunawaona kwa kuchimba mahali ambapo hapana kitu cha kuona, yaani pahali kama kwako. Kaskazini ya Pemba, watafiti Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya kazi ya namna hii mashambani. Pale Tumbe, pasipokuwa na jengo la kale la mawe, palipatikana makazi makubwa ya karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka iliyo jirani, yenye msikiti na makaburi ya mawe, ilikuja baada yake. Mtu anayefuata magofu peke yake angeanza kukisoma kisa hicho katikati.

Na hata penye mawe, udongo ulitangulia. Katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980. Akakuta matundu ya nguzo za misikiti midogo ya miti, mmoja umejengwa juu ya mahali pa mwingine, kurudi nyuma hadi karne ya 8.

3. Semeni kweli: mnatafuta mali ya Mjerumani?

Hapana. Tunajua hadithi inakotoka. Wajerumani waliondoka kwa vita vya 1914 hadi 1918, na sarafu zao zipo kweli. Mwaka 1916, pale Tabora, waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kutoka hapo likazaliwa sanduku chini ya kila mwembe mkubwa.

Hadithi hizo zimetuumiza. Tumefika kwenye kaburi la zamani tukakuta limetobolewa usiku, plasta ya chokaa imetawanyika majanini kama maganda ya mayai, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa aliyezikwa. Aliyetoboa hakupata senti. Kaburi nalo lilikuwa limesimama kwa miaka mamia bila kumdhuru mtu.

Sarafu za kale hupatikana, ila kwa nadra sana. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote vipande vidogo vya fedha pamoja na dhahabu chache. Thamani yake kwetu ni maandishi: majina ya watawala wa hapa hapa mwambao, yaliyoandikwa wakati wao wenyewe na siyo kusimuliwa karne nne baadaye.

4. Basi mnatafuta nini?

Taka. Jaa la mtu wa karne ya 9 ni kitabu chake cha matumizi ya nyumbani: mifupa ya samaki, makombe ya chaza, vigae vya chungu kilichoungua, shanga iliyodondoka, mavi ya chuma kutoka kwa mhunzi, kipande cha sahani iliyotoka Ghuba au China.

Kitu tunachokishangilia sana hakina sura ya kushangiliwa. Ni donge la udongo mwekundu ulioungua, la ukubwa wa kiganja. Upande mmoja ni laini. Ukiligeuza unaona mifereji miwili ya mviringo iliyokwenda sambamba: hapo zilipita fito. Kati yake kuna alama ya ukamba uliozifunga. Wakati mwingine, kwenye ule upande laini, kuna vidole vinne vya aliyekandika ukuta. Nyumba iliungua, na moto ukauoka udongo kama chungu, ndiyo maana donge limebaki. Fito zimeoza zamani, lakini unaweza kupima unene wake kwa rula.

## Ruhusa na sheria

5. Nani anayewaruhusu kuchimba?

Tanzania Bara, leseni ya uchimbaji inatolewa na idara ya serikali inayoshughulikia malikale, na mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Baada ya hapo barua ya utambulisho inashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Zanzibar ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na barua inaishia kwa sheha. Kenya, vibali vinapitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya huko, na Makumbusho ya Taifa.

Mwisho wa mlolongo huo yuko mwenye kiwanja, naye hapitwi kwa kuwa barua ina mihuri mingi. Una haki ya kuomba kuiona leseni, kusoma majina yaliyomo na tarehe ya kumalizika. Kikundi cha kweli hakikasiriki kikiulizwa. Kinachosema karatasi zitaletwa kesho, mwambie uchimbaji nao uanze kesho.

6. Kiwanja ni changu. Siwezi kuchimba mwenyewe nikaona kilichomo?

Kuchimba kisima, choo au msingi ni shughuli yako ya kawaida. Kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale ni jambo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, hairuhusu bila leseni, na hairuhusu pia kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Inalinda vitu na majengo yaliyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Milango na miimo ya nakshi inalindwa kama ilichongwa kabla ya 1940. Kenya, Sheria ya mwaka 2006 inaweka mpaka wa 1895 kwa vitu vya kale vinavyohamishika.

Sababu yenyewe ina uzito kuliko sheria. Kigae kilichotolewa kwa jembe bila kuandikwa kilikuwa kina gani na kililala na nini, kinabaki kigae tu. Hatuwezi kukirudisha mahali pake tukakiuliza upya. Shimo linachimbwa mara moja.

7. Mkipata kitu, serikali itanichukulia kiwanja?

Sheria inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa hifadhi ya mambo ya kale, na uwezo huo ulikuwepo kabla hatujaja. Vigae vya kale viko chini ya vijiji vingi vya pwani, na watu wanajenga, wanalima na kuzika juu yake kila siku. Shimo moja lenye vigae halibadilishi hati yako wala mpaka wako. Hatusemi kwa niaba ya serikali. Likitokea jambo kubwa, kama msikiti uliofunikwa au makaburi mengi, utaambiwa wewe na uongozi wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla ya ripoti.

8. Nikikataa?

Tunasogeza kigingi. Hakuna kinyongo, na jina lako halipelekwi popote.

## Kazi yenyewe

9. Shimo litakwenda chini kiasi gani, na litachukua siku ngapi?

Hadi udongo mtupu, yaani udongo ambao haujaguswa na mtu, au hadi mwamba wa matumbawe. Sehemu nyingine ni sentimita 40, nyingine ni zaidi ya mita 2. Tukiona hakuna kitu tena tunateremka tabaka mbili zaidi kuhakikisha. Kwa timu ya watu wanne, shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 1 huchukua siku tatu hadi tano.

Wanaotudhania wavivu tunawaalika wapige hesabu nasi. Tabaka moja la sentimita 10 kwenye mraba wa mita 1 ni lita 100 za udongo. Udongo ukishachimbuliwa unafumuka, kwa hiyo ni ndoo sita au saba za lita 20. Ukifika mita moja umeinua kwa mkono zaidi ya tani moja na nusu, na kila ndoo imepita kwenye chekeche.

Shimo likipita kimo cha kiuno kwenye mchanga, tunapunguza upana kwa ngazi au tunasimama. Mchanga wa pwani hauaminiki, unabomoka bila kutoa onyo. Usiku tunalifunika kwa mbao na kulizungushia miiba au kamba, na tunakuomba uwaambie watoto na kufunga mbuzi upande mwingine.

10. Kwa nini mwiko wa fundi, na siyo jembe?

Jembe linapiga, mwiko unakwaruza. Tunachokifuata mara nyingi ni rangi. Nguzo ya nyumba ikioza ardhini inaacha duara la udongo mweusi uliolegea ndani ya udongo wa kahawia, upana wa kikombe cha chai au bakuli. Ukikwaruza taratibu duara linatokea. Ukipiga jembe umelipita. Jua likiwa kali rangi inafifia ndani ya dakika chache, ndiyo maana utamwona mmoja wetu akinyunyizia shimo maji kidogo kabla ya kupiga picha. Maduara matano yakijipanga kwenye mstari, huo ni ukuta.

Sururu na jembe tunavitumia, lakini kwa udongo wa juu uliokwisha kulimwa, na kwa kufukia.

11. Kwa nini mnachekecha udongo wote, halafu mwingine mnautia majini?

Chekeche yenye matundu ya milimita 5 inashika vigae na mifupa. Shanga nyingi za kioo ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo sehemu ya udongo tunaipitisha kwenye wavu mwembamba zaidi.

Maji ni kwa ajili ya chakula. Punje iliyoungua jikoni haiozi, inabaki kama mkaa. Tunamimina lita kadhaa za udongo kwenye ndoo ya maji na kuukoroga kwa mkono. Mchanga unazama, punje nyeusi zinaelea, tunazikinga kwa kitambaa na kuzianika kivulini. Kwa njia hii imejulikana kwamba watu wa Tumbe walikula zaidi uwele, na kwamba mpunga ulishika nafasi Pemba kuanzia karne ya 11, Chwaka ilipokuwa mji. Wali wa Pemba una tarehe, na tarehe hiyo ilitoka kwenye ndoo ya maji.

12. Mnaandika nini muda wote?

Kila tabaka lina ukurasa wake: namba ya shimo, kina cha kuanzia na kumalizia kikipimwa kutoka kigingi kimoja kisichohamishwa, rangi ya udongo, ugumu wake, kilichotoka, tarehe, nani alichimba. Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani na moja nje. Shimo likiisha tunachora kuta zake kwa vipimo, kwa uzi na pimamaji, hata kama picha zimepigwa, kwa kuwa mkono unaochora unalazimisha jicho kuamua tabaka linaishia wapi.

Lebo mbili tulijifunza kwa uchungu. Msimu mmoja mfuko wetu ulilowa mvua, wino ukafutika. Ndani mlikuwa na shanga 11 za kioo, nzuri kuliko zote tulizopata kijiji kile. Ziko bado. Hakuna awezaye kusema zilitoka shimo gani.

13. Mnakuja msimu gani?

Baada ya masika, kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba, kabla ya vuli. Ardhi imekauka lakini bado haijawa jiwe.

14. Vijana wetu watapata kazi? Na mazao yangu?

Wachimbaji na wachekechaji wanatoka kijijini, kwa ujira unaokubaliwa mbele ya uongozi kabla ya siku ya kwanza. Mazao yanayong'olewa yanalipwa, na bei inaandikwa kabla ya kigingi kusimikwa. Hatuchimbi chini ya mnazi unaozaa.

Wazee nao tunawahitaji zaidi ya wanavyodhani. Siku moja tulikuwa na kipande cha udongo chenye kimguu kifupi na tundu pembeni. Tumekigeuzageuza nusu saa, kila mtu na nadharia yake. Mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa akipita na kuni akasimama, akakishika, akakinusa, akasema, "Hicho chetezo wanangu. Tundu la hewa hilo, ubani uwake." Kesho yake alituletea chake. Umbo lilikuwa lile lile.

## Kusoma kilichopatikana

15. Mnajuaje kigae kina umri gani?

Kanuni ya kwanza ni ya jaa lolote: cha chini kilitangulia, cha juu kilifuata, isipokuwa kitu kimevuruga (tazama swali la 17). Kanuni ya pili ni mtindo. Vyungu vya mwambao vya karne ya 7 hadi ya 10 vina nakshi za pembetatu zilizochorwa shingoni, ndani yake mistari ya mshazari. Nakshi hizo zimepatikana kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro, kitu kinachoonyesha watu waliotembeleana sana. Ukishaziona mara kumi, unazitambua hata kwenye kipande cha ukubwa wa kucha.

Vyombo vilivyotoka ng'ambo vinasaidia kubana tarehe. Magae mazito ya rangi ya kijani-buluu yametoka upande wa Ghuba na yanaelekeza karne ya 8 hadi ya 10. Vyombo vyenye michoro iliyokwaruzwa chini ya rangi ya kung'aa ni vya karne ya 11 na ya 12 zaidi. Vya manjano yenye mistari myeusi vimetoka Yemen, karne ya 14. Vigae vya kauri nyeupe yenye maua ya buluu ni vya baadaye, na sahani za maua ya rangi kutoka Maastricht, Uholanzi, ni za karne ya 19. Hizi za mwisho huenda bibi yako anayo moja kabatini. Igeuze usome mgongo.

16. Na mkaa mnaupeleka wapi?

Maabara, kupimwa kwa kaboni. Kila kiumbe hai kina kaboni ya mionzi, ambayo baada ya kufa hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Kiasi kilichobaki kinaeleza muda uliopita. Mkaa haushikwi kwa mkono, unachukuliwa kwa ncha ya mwiko na kufungwa kwenye karatasi ya alumini. Punje ya mtama au kifuu cha nazi ni bora kuliko gogo, kwa sababu punje ilivunwa mwaka ule ule, na gogo huenda lilikuwa na miaka mia moja kabla ya kutiwa jikoni. Jibu linakuja kama kipindi, si mwaka mmoja. Anayekuambia "mwaka 823" kwa kaboni peke yake anakudanganya.

17. Kaa na panya wakichimba je? Na mizizi?

Wanavuruga, na pwani wanavuruga sana. Tumewahi kutoa kizibo cha soda sentimita 60 chini, katikati ya vigae vya miaka elfu. Kaa alikuwa amekishusha. Ndiyo sababu tunatafuta mashimo yao ukutani: duara la udongo laini lenye rangi ya juu. Vilivyomo ndani yake tunavifungasha peke yake na haviingii kwenye hesabu ya tabaka. Mizizi ya mnazi na vichuguu vya mchwa tunaviandika vivyo hivyo.

18. Shimo likitoka tupu, mmepoteza muda?

Hapana. Shimo tupu ni mpaka. Bila matupu hatuwezi kusema kijiji cha kale kilikuwa hekta mbili au ishirini.

## Vitu vinakwenda wapi

19. Mtavipeleka Ulaya kama mifupa ya Tendaguru?

Anayeuliza hivi ana haki ya kuuliza. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi, kwa mamia ya vibarua na wapagazi wa hapa, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin hadi leo. Watu wa Lindi hawajasahau, wala hawapaswi kusahau.

Leo kutoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Vigae, shanga na mifupa vinaoshwa, kuhesabiwa na kukabidhiwa idara au makumbusho ya hapa nchini. Kinachosafiri kwa kawaida ni vipande vidogo vya mkaa au punje kwa ajili ya maabara, kwa kibali kilichoandikwa idadi. Omba nakala ya orodha ya vilivyotoka kiwanjani kwako kabla timu haijaondoka. Omba pia ripoti kwa Kiswahili. Tunaona ni aibu kwa mtafiti kuandika habari za kijiji kwa lugha ambayo kijiji hakiwezi kuisoma, na ungetusaidia kwa kuidai.

20. Nina sarafu au shanga nilizookota shambani miaka mingi. Nitakamatwa nikizionyesha?

Zionyeshe kwa mtendaji au ofisa wa malikale, ukieleza ulipoziokota. Sheria inataka kitu cha kale kikipatikana kitolewe taarifa, na aliyekuja mwenyewe kutoa taarifa hayuko sawa na aliyekutwa akiuza. Usizisugue kwa ndimu wala majivu zing'ae, maandishi yanaondoka pamoja na kutu.

## Yasiyo ya kila siku

21. Mkikuta mifupa ya mtu?

Kazi inasimama hapo hapo. Mifupa inafunikwa kwa kitambaa safi, na wanaitwa wazee, imamu au padri, mwenye kiwanja na ofisa wa serikali. Kama kuna dalili kwamba si ya zamani, polisi wanaitwa kwanza. Aliyelazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ambayo kwetu iko upande wa kaskazini, ni Muislamu aliyezikwa na watu wake. Sisi tunaandika kina, tunafukia, tunahamia kwingine. Leseni inaweza kuruhusu zaidi ya hapo, lakini hatuendelei bila ridhaa ya kijiji.

22. Pale penye mbuyu ni mzimuni. Mtachimba?

Hapana, isipokuwa wenye mahali pao watuombe. Tuonyesheni mipaka siku ya kwanza, pamoja na makaburi yasiyo na alama, ili tuyaweke kwenye ramani kama sehemu za kukwepa. Ikiwa desturi inataka dua au sadaka kabla ya kuanza popote kijijini, inafanyika, nasi tunashiriki.

23. Nilikuwa nachimba choo, nimekuta vigae vingi na mkaa. Nifanye nini?

Vigae vichache vilivyotawanyika ni kawaida pwani, endelea na kazi yako. Ukikuta tabaka nene jeusi lenye mkaa na makombe, sakafu ya chokaa, ukuta, au mifupa ya mtu (swali la 21), simama kidogo. Piga picha ya ukuta wa shimo kwa simu, ukiweka kalamu au jembe pembeni ili ukubwa uonekane. Pima kina kutoka juu. Usiokote kila kitu ukakitia kwenye kiroba, acha ukuta kama ulivyo, toa taarifa kwa mtendaji au sheha. Kuta za shimo la choo zilizoachwa wazi siku mbili zinaweza kumpa mtaalamu karibu kila kitu ambacho angepata kwa wiki nzima, na choo chako kinajengwa.

24. Jirani ana mashine ya kutambua chuma ardhini. Aitumie?

Mashine yenyewe haidhuru. Kinachodhuru ni kuchimba inapolia. Jibu ni lile la swali la 6, na karibu kila mlio kijijini ni msumari.

25. Mkishafukia, naweza kupanda au kujenga hapo?

Kupanda, mara moja. Tunatenga udongo wa juu tangu asubuhi ya kwanza na kuurudisha juu, kwa hiyo rutuba iko pale pale. Kujenga ukuta juu yake, subiri masika moja ipite, udongo ushuke, au shindilia kwa maji tabaka kwa tabaka. Tukiondoka utaona mwinuko kidogo wa kama kiganja. Tumeuacha makusudi, utalala wenyewe.

Kabla ya ndoo ya kwanza kurudi shimoni tunaweka chini kabisa sarafu mpya ya shilingi 200, au kizibo cha chupa kilichoandikwa tarehe. Akija mtu kuchimba hapo baada ya sisi sote kuondoka, atajua udongo huu umeshafunguliwa mara moja, na atasogeza kigingi chake mita mbili pembeni, kwenye udongo ambao haujaguswa.